Mwinuko wa Mwaka 2000 Chini ya Picha ya Leo: Ramani za Pande Tatu Kasulu na Kibondo

Ramani ya pande tatu ya nyanda za juu za Kigoma hupatikana kwa kutandaza picha ya satelaiti juu ya data za mwinuko. Picha huwa ya karibuni, kwani satelaiti za Sentinel-2 hupita kila baada ya siku chache na kuonyesha ardhi kwa vipande vya mita 10. Mwinuko ulio chini yake mara nyingi ni ule uliopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour, katika safari ya siku 11 ya Februari 2000. Mtazamaji huona mandhari moja, kumbe ametandaziwa nyakati mbili. Kwa Kasulu na Kibondo, pengo hilo la miaka lina uzito zaidi kuliko ukubwa wa vipande, ingawa wataalamu wengi hutanguliza ukubwa huo.

Rada ile ilitumia wimbi la sentimita 5.6, ambalo halipenyi vizuri majani na matawi. Penye miombo, kilichopimwa ni kimo fulani kati ya udongo na vilele vya miti. Sasa, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, ikafurika tena Warundi walipoanza kuingia mwaka 2015. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya Oktoba mwaka huohuo. Kuni zikakatwa, mashamba yakasogea. Tuchukue ukingo wa msitu ambako rada iliishia mita 6 juu ya ardhi: kati ya vipande viwili vya mwinuko, vya mita 30 kila kimoja, huzuka mteremko wa asilimia 20 usiokuwepo. Miti ikishafyekwa, picha mpya huonyesha udongo mtupu uliolala juu ya kilima hicho cha kubuni, na mfereji wa maji ya mvua ukichorwa kwa kukifuata utaelekezwa kusiko.

Yapo mapingamizi mawili mazito. La kwanza ni kwamba mwinuko wa Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuangalia dunia, ni mpya na sahihi zaidi. Ni kweli, lakini upimaji wake ulikamilika mapema mwaka 2015, kabla Nduta haijafunguliwa tena, na rada yake ina wimbi fupi zaidi, hivyo majani huizuia vilevile. La pili ni kwamba mita 6 si kitu katika nchi ya milima. Kwenye miinuko ya Kasulu, ambako bonde na kilele hutofautiana kwa mamia ya mita, nakubali bila shida. Kwa kuchagua miteremko isiyofaa kulimwa, data hizi zatosha. Ila ukiteremka kwenye tambarare za mto Malagarasi, mafunjo peke yake yanatosha kuvuruga hesabu ya mafuriko. (Programu nazo huzidisha urefu wa milima ili ipendeze kwenye skrini, na mkutano wa kijiji unaoonyeshwa ramani hauambiwi.)

Gharama ya kurekebisha si kubwa kama inavyodaiwa. Pointi chache zilizopimwa kwa GPS ya kitaalamu, nusu ndani ya msitu uliosalia na nusu palipofyekwa, zinaonyesha rada ilikosea kwa mita ngapi, na wakulima wanajua makorongo ambayo kipande cha mita 30 hakiwezi kuyaona. Mwaka wa mwinuko na kiasi cha kuzidisha urefu wa milima viandikwe kwenye ramani yenyewe, pembeni mwa kipimio, kabla haijapelekwa kwa kamati ya matumizi ya ardhi.