Askari na Kapita: Historia Fupi ya Maneno ya Kinga ya Mwili

Neno kinga limetokana na kitenzi kukinga, yaani kuzuia kitu kisidhuru. Walimu wa afya, katika kueleza kinga ya mwili kwa Kiswahili, wameshika mfano wa vita: chembe nyeupe za damu ni askari, ugonjwa ni adui. Mfano huo umesaidia wengi, lakini umeficha jambo moja kubwa, nalo ni kwamba chembe hizo huamrishana na kuzuiana.

Jambo hilo lilijidhihirisha nchini Kongo, wakati ikiitwa Zaire. Mwaka 1983, mjini Kinshasa, madaktari wa Hospitali ya Mama Yemo pamoja na watafiti kutoka Ubelgiji na Marekani walitambua wagonjwa 38 wa UKIMWI katika majuma matatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1984. Katika damu ya wagonjwa hao, seli saidizi za aina ya T zilikuwa zimepungua mno, hata zikazidiwa na zile zilizoitwa kandamizi.

Kiswahili cha Kolwezi kina neno linalofaa hapa. Katika migodi ya shaba, tangu enzi za Union Minière, kiongozi wa kundi la wafanyakazi aliitwa kapita. Kapita akitoweka, mikono ipo na sururu zipo, lakini kazi huvurugika. Ndivyo zilivyo seli saidizi: huziamsha na kuziongoza nyingine.

Jina "kandamizi" nalo lilipotosha. Ilibainika kwamba kazi kuu ya seli hizo ni kuua chembe zilizoambukizwa. Seli zinazotuliza kinga zilionyeshwa na Shimon Sakaguchi wa Japani mwaka 1995. Zikikosekana, kinga huushambulia mwili wenyewe. Mwaka 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitambua jeni ambayo baadaye ilithibitika kuziongoza seli hizo. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

Basi, mgonjwa wa Kolwezi anayeambiwa kwamba askari wake wamepungua amepewa nusu ya habari. Akiambiwa kwamba wanaouawa ni makapita, ataelewa kwa nini kifua kikuu humshinda ilhali chembe nyingine bado zipo, na kwa nini dawa ya kuzuia virusi haifai kukatizwa: ndiyo inayowapa makapita nafasi ya kurudi kazini.