Figo ya Mama kwa Mwanawe (Sehemu ya 4)

Juzi wodini mama mmoja kaniuliza, "Sista, mwanangu kapandikizwa figo mwaka wa sita huu, haumwi chochote. Mbona daktari anasema mwili unaikataa?" Nikamwambia kaa, tuanzie mbali kidogo.

Krismasi ya 1952, Paris. Kijana wa miaka 16, Marius Renard, alianguka kazini kwenye ujenzi, figo ikaumia, ikatolewa. Kumbe alizaliwa na hiyo hiyo moja! Mama yake akatoa ya kwake. Ikafanya kazi wiki tatu hivi, mwili ukaikataa, kijana akafariki. Mimi nikifika hapo huwa naweka simu pembeni kwanza.

Desemba 1954, kule Boston, Dk. Joseph Murray na wenzake wakafanikiwa, ila wale walikuwa mapacha wa kufanana, kwa hiyo mwili haukuona mgeni. Wengine ilibidi wasubiri dawa za kushusha kinga: azathioprini na steroidi miaka ya 1960, kisha siklosporini, iliyopatikana kwenye kuvu wa udongo wa Norwe na kuidhinishwa Marekani 1983. Figo kukataliwa ghafla kukapungua sana.

Kukataliwa taratibu ndiko kumebaki. Kingamwili hushambulia mishipa midogo ya figo, inajaa makovu mwaka hadi mwaka, na hakuna maumivu. Utaona kreatinini inapanda, protini kwenye mkojo, presha. Madaktari wamejaribu kuchuja kingamwili kwenye damu, wamejaribu dawa za kuzuia zisitengenezwe, lakini mpaka leo hakuna tiba ya uhakika, na kovu halifutiki. Kinachofanyika zaidi ni kupanga dozi upya, kushusha presha, na kuhakikisha dawa hazirukwi. Na dozi haiongezwi kiholela, maana siklosporini ikizidi nayo inaumiza figo hiyo hiyo.

Nikamuuliza, dawa anakunywa? Akanyamaza. Kijana alipoenda bweni alikuwa anaruka za jioni, wenzake walimcheka mashavu yalivyovimba kwa steroidi. Hakumwambia mtu. Na figo ile ni ya mama huyo huyo.

Sasa simu yake inalia saa 2 kila usiku, anampigia mwanawe, anasubiri ameze ndipo akate. Kreatinini ya mwezi huu haijapanda. Haijashuka pia.

Sehemu ya 5 Jumapili, panapo majaliwa.