Kwa nini gari huchemsha tena baada ya kutoka gereji

Gari linapochemsha mara ya kwanza, wenye magari wengi hulichukulia jambo hilo kuwa dogo. Maji huongezwa, mpira uliopasuka hubadilishwa na safari huendelea. Taabu huanza pale gari linapochemsha mara ya pili na ya tatu, ilhali rejeta imekwisha kuzibuliwa, pampu ya maji imenunuliwa mpya na themostati imeng'olewa ikatupwa. Kufikia hapo mwenye gari amekwisha kutumia fedha nyingi, na mara nyingi baadhi ya vifaa vilivyobadilishwa havikuwa na kasoro yoyote.

Hali hiyo hutokana na mazoea ya kubadilisha vifaa kwa kubahatisha. Joto la injini likizidi, vyanzo vinavyowezekana hupita kumi, na vingine havihusiani kabisa na maji. Fundi anayeanza na kifaa cha bei nafuu, kisha akapanda kidogo kidogo hadi cha bei ghali, huweza kumaliza orodha nzima huku injini ikiendelea kuungua.

Takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta yanayochomwa ndani ya injini huondolewa kwa njia ya maji ya kupoozea. Pampu huyasukuma maji yapite kwenye bloku na silinda hedi, themostati huyaruhusu kwenda kwenye rejeta yakishafikia joto linalotakiwa, ambalo kwa injini nyingi za Kijapani ni kuanzia nyuzi 82 za Selsiasi, na hewa inayopita kwenye rejeta huyapoza kabla hayajarudi. Kila hatua ya mzunguko huo ina namna yake ya kuharibika, na kila uharibifu huwa na wakati wake wa kujitokeza.

Ndiyo maana swali la kwanza si nini kibadilishwe, bali gari huchemsha wakati gani.

Gari linalochemsha likiwa katika foleni za jioni za Dar es Salaam, lakini likapoa mara tu barabara inapofunguka, kwa kawaida lina upungufu wa hewa. Likiwa katika mwendo hewa huingia yenyewe. Likisimama hutegemea feni. Ikiwa feni ni ya umeme, kinachopaswa kukaguliwa ni mota yake, fyuzi, rilei na kihisi kinachoiamuru iwake. Ikiwa inazungushwa na mkanda, kama ilivyo kwa magari mengi makubwa ya dizeli, mashaka huangukia klachi ya feni ambayo mafuta yake mazito yamevuja. Lipo pia kosa ambalo hujitokeza baada ya fundi wa umeme kuunganisha nyaya upya: feni huzunguka kinyume na kusukuma hewa kuelekea mbele. Kwa macho inaonekana inafanya kazi. Karatasi nyepesi ikiwekwa mbele ya rejeta hutoa jibu: inapaswa kuvutwa ing'ang'anie, si kupeperushwa.

Kava la plastiki linaloizunguka feni nalo hupuuzwa. Likivunjika katika ajali, wengi huliacha bila kujua kwamba ndilo linaloilazimisha hewa ipite kwenye eneo lote la rejeta badala ya kipande kilicho mbele ya mapanga tu. Aidha, kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi huwa na nafasi nyembamba inayojaa vumbi, matope na wadudu. Rejeta inaweza kuoshwa ndani mara tatu huku uchafu huo wa nje ukiwa palepale.

Gari linalovumilia foleni lakini likashindwa kupanda Mlima Kitonga mkoani Iringa lina shida ya aina nyingine. Hapa hewa ipo ya kutosha, ila maji hayapiti kwa wingi au rejeta haina tena uwezo wa kuyapoza. Mirija yake huwa imeziba kwa kutu na magadi, na kuzibua kwa presha ya maji huondoa uchafu laini tu. Pampu nayo huweza kuwa haivuji tone, lakini mapanga yake ya ndani yameliwa na kutu au yamelegea kwenye mhimili.

Chanzo kingine kisichofikiriwa sana ni mpira wa chini wa rejeta, ule unaorudisha maji kwenye pampu. Mpira huo huvutwa na pampu, hivyo ukilainika kwa uzee hunywea injini inapozunguka kwa kasi na kufunga njia. Injini ikirudi katika mzunguko wa kawaida, mpira hurudia umbo lake na fundi haoni kitu. Ni lazima mtu mmoja akanyage mafuta huku mwingine akiutazama.

Ikiwa joto hupanda dakika chache tu baada ya injini kuwashwa, wahusika ni wachache: themostati iliyokwama, hewa iliyonaswa ndani ya mfumo, au gasketi ya hedi iliyopasuka.

Suala la themostati linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu kuing'oa kumekuwa desturi katika gereji nyingi, kwa hoja kwamba nchi za joto hazihitaji kifaa hicho. Hoja hiyo haina msingi. Katika injini nyingi themostati ina sahani mbili: moja hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na nyingine wakati huohuo huziba njia ya mkato ambayo maji huitumia injini ikiwa baridi. Ikitolewa, njia ya mkato hubaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Gari lililotolewa themostati ili lisichemshe huishia kuchemsha zaidi mlimani. Asubuhi, injini hiyohiyo huchelewa kupata joto, hula mafuta mengi na kulika haraka. Ni rahisi kuipima: itumbukizwe kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto na itazamwe kama inafunguka.

Kifuniko cha rejeta ni kifaa kidogo kuliko vyote na pengine ndicho kinachodharauliwa zaidi. Kazi yake ni kuyabana maji yawe na shinikizo, na maji yenye shinikizo huchelewa kuchemka. Vifuniko vingi huandikwa 0.9 au 1.1, yaani kilogramu kwa kila sentimita ya mraba, na kwa kiwango hicho maji matupu huweza kufikia karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Springi ikichoka, faida hiyo hupotea. Katika miji iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, kama Nairobi na Mbeya, maji yasiyobanwa huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, joto ambalo ni la kawaida kabisa kwa injini. Gari lililokuwa likijikongoja Dar es Salaam huweza kuanza kutoa mvuke likifika huko bila kuongeza kasoro yoyote mpya. Dalili nyingine ya kifuniko kibovu ni mpira wa juu kukutwa umenywea injini ikishapoa, kwa kuwa vali ya kurudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba imeziba.

Madhara ya joto lililopita

Mara nyingi gari hurudia kuchemsha kwa sababu ya kuchemsha kwenyewe. Silinda hedi ya injini nyingi ni ya aluminiamu, na katika injini nyingi, hasa za zamani na za dizeli, bloku ni ya chuma. Aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, hivyo joto likipita kiasi hedi hupinda na gasketi iliyo katikati hupoteza mbano wake. Kuanzia hapo gesi ya mlipuko wa silinda huingia kwenye maji, huyasukuma nje na kuacha mifuko ya hewa. Rejeta mpya haitibu hilo, wala pampu mpya.

Dalili zake hujulikana kabla ya kufungua chochote. Maji hupungua bila kuonekana yanakovujia. Mpira wa juu huwa mgumu kama jiwe dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini iliyokuwa baridi. Mapovu hutoka mfululizo kwenye rejeta. Plagi moja hukutwa safi kuliko nyingine, kana kwamba imeoshwa kwa mvuke. Oili kugeuka kama maziwa ni dalili inayofahamika zaidi, lakini si lazima iwepo. Gasketi nyingi huvujisha gesi kwenye maji bila kugusa oili. Kipo pia kipimo cha dawa ya bluu inayowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta, ambayo hubadilika rangi ikikutana na hewa ya ukaa. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kufungua hedi bila sababu.

Hedi ikifunguliwa, kuweka gasketi mpya pekee ni kazi nusu. Uso wa hedi hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na vibati vya kupimia uwazi. Kwa injini nyingi ndogo kikomo cha kupinda ni kati ya 0.05 na 0.10 ya milimita, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Ikizidi hapo hupelekwa kwenye mashine ikasawazishwe, na kabla ya hapo hupimwa kwa presha kama ina ufa, hususan kati ya matundu ya vali. Uso wa bloku nao hupimwa, jambo ambalo husahaulika kwa sababu bloku hubaki ndani ya gari.

Bolti za hedi katika injini nyingi za kisasa hutengenezwa ili zivutike zinapokazwa, na zile ambazo mtengenezaji amezitaja kuwa za mara moja hazirudiwi. Hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa mfuatano unaoanzia katikati kwenda pembeni. Fundi anayekaza kwa nguvu ya mkono na uzoefu anaweza kufaulu leo, na gari likarudi baada ya majuma machache.

Baada ya kazi yoyote iliyomwaga maji, hewa iliyonaswa ni lazima itolewe. Gari huwekwa pua ikiwa juu, hita ikifunguliwa hadi mwisho, na injini huachwa iunguruме hadi themostati ifunguke na feni iwake na kuzima walau mara mbili, huku maji yakiongezwa kadiri yanavyoshuka. Magari mengi yaliyorudishwa gereji kesho yake hayakuwa na kasoro nyingine zaidi ya hewa.

Maji yenyewe

Maji ya bomba yana madini yanayoganda kwenye mirija, na maji ya visima vingi vya mwambao yana chumvi inayokula aluminiamu. Kulanti inayochanganywa na maji yaliyochujwa madini hupandisha kiwango cha kuchemka na, lililo muhimu zaidi kwa nchi zisizo na baridi kali, huzuia kutu. Rangi si uthibitisho wa chochote; maji yaliyotiwa rangi ya kijani ni maji. Unga wa kuziba matundu ya rejeta huziba pia mirija myembamba isiyovuja, na yai linalopasuliwa ndani ya rejeta, dawa ya madereva wa zamani, hufanya vivyo hivyo.

Kama mfumo wote wa maji umepimwa na kuonekana mzima, uchunguzi uhamie kwingine. Moto wa plagi uliochelewa, mchanganyiko wenye mafuta kidogo na hewa nyingi, breki zinazong'ang'ania na bomba la moshi lililoziba huongeza joto. Katika magari mengi ya gia za kujiendesha, oili ya gia hupozwa ndani ya tanki la rejeta, hivyo gia inayoteleza hulipeleka joto lake kwenye maji ya injini.

Hata mshale wa joto huweza kudanganya. Magari mengi hutengenezwa mshale ukae katikati hata joto linapobadilika kwa nyuzi kadhaa, na baadhi ya magari madogo hayana mshale, yana taa ya bluu na nyekundu tu. Hatari zaidi ni maji yanapokwisha kabisa: kihisi kilichobaki hewani huweza kuonyesha joto la chini wakati hedi inaungua. Kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, au kipimajoto cha kuelekeza kwenye mpira wa juu na wa chini, hueleza ukweli haraka zaidi.

Dereva anayeona joto likipanda barabarani azime kiyoyozi, afungulie hita na kutafuta mahali salama pa kusimama. Mvuke ukitoka au taa nyekundu ikiwaka, injini izimwe. Kifuniko kisiguswe kwa walau nusu saa, na hata baada ya hapo hadi rejeta iwe baridi mkononi: maji yaliyobanwa yakiwa yamepita nyuzi 100 hugeuka mvuke papo hapo na kuunguza uso na mikono. Maji baridi nayo yasimwagwe kwenye injini ya moto, kwani hupasua hedi ambayo pengine ingali nzima.

Zipo injini zisizofaa tena kutengenezwa, ama bloku imepinda au ringi za pistoni zimepoteza ugumu wake kwa joto. Wengi hapo hununua injini ya mtumba kutoka Japani. Kwa kawaida injini hiyo hufungwa pamoja na rejeta, feni na mipira iliyokuwa kwenye gari tangu awali, vitu vilevile ambavyo huenda ndivyo vilivyoiua ile ya kwanza. Vyote hivyo vipimwe, na kile kisichoridhisha kibadilishwe, kabla injini mpya haijawashwa.