Kerezo la Fundi Saa na Manufaa Yake

Katika saa ya mfukoni mna gurudumu dogo liendalo na kurudi, nalo limepandwa juu ya kijiti cha chuma chenye ncha mbili. Upana wa ncha moja aghalabu hukaribia sehemu ya kumi ya milimita. Saa ikianguka, ncha huvunjika, na saa hunyamaza. Kwa ajili ya kijiti hiki fundi saa wa zamani alilazimika kujua kukereza. Na kwa ajili yake mtu atengenezaye saa kwa mapenzi, si kwa ujira, hujiuliza hata leo kama inampasa kununua kerezo dogo.

Chombo cha zamani kilikuwa rahisi. Kijiti kilishikwa kati ya ncha mbili zisizozunguka, kikazungushwa kwa uta wenye singa za farasi, kama seremala wa pwani aendeshavyo keke yake. Kisu kilikata uta ulipovutwa upande mmoja tu. Uliporudi, mkono ulingoja. Kazi ilikwenda polepole, walakini ilinyooka, maana kitu kizungukacho juu ya ncha thabiti hakiyumbi.

Mageuzi yalitokea Marekani. Katika miaka ya 1850 Charles Moseley, fundi wa mitambo katika kiwanda cha saa cha Waltham, alitengeneza kerezo ambalo kichwa chake kina tundu lipenyalo, na ndani yake kishikio kilichopasuliwa ambacho hubana kijiti kinapovutwa nyuma. Wajerumani waliifuata njia hiyo, akiwamo Boley wa Esslingen, na vishikio vya milimita 8 vikaenea duniani. Mafundi wengi wa Uingereza walisita, wakashika uta wao. Hawakuwa wajinga: kishikio kilicholika hushika kijiti upande, na kila kikatwacho hapo hutoka kombo. Anunuaye kerezo kuukuu kwa bei nafuu angewasikiliza kabla ya kutoa fedha yake.

Baadaye hoja ya kerezo ilidhoofika. Viwanda viliuza vijiti vilivyokwisha tengenezwa, na mwaka 1934 ilitokea Uswisi Incabloc, ambayo huviweka vito vya saa juu ya kamani nyororo ili ncha isivunjike kwa kishindo. Mwenye kusafisha na kutia mafuta saa za namna hiyo aweza kupitisha miaka asikereze kitu. Heri anunue kioo kizuri cha kukuzia na bisibisi za chuma safi.

Kisha, tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ya Japani ilitoa saa ya mkononi iendeshwayo kwa kwatzi. Katika miaka iliyofuata viwanda vingi vya Uswisi vilifungwa, na akiba ya vipuri vya saa za zamani ikapungua. Kisichouzwa hakina budi kutengenezwa. Apendaye saa za mfukoni za babu zake hana njia nyingine ila kukereza, nalo kerezo kwake si pambo. Lakini chombo hakileti ustadi pamoja nacho: chuma hufanywa kigumu, kisha hupashwa moto mpaka kigeuke rangi ya samawati, kisu hunolewa kila mara, na vijiti vingi vya kwanza hukatika pale pale kwenye ncha, kazi ikiwa karibu kwisha.