Kikapu Kwenye Foleni: Kutoka Harambe Hadi Kipkelion

Naandika haya kutoka Kipkelion. Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi moja iliyonikwama, na leo nataka niwaeleze kisa chake. Ila ili mkielewe itabidi nianze mbali: kwanza kwenye majani chai, halafu tuvuke bahari hadi Marekani, halafu turudi nyumbani. Vumilieni kidogo.

Kikapu cha nyanya

Nilipokuwa mdogo, nyanya yangu alikuwa akinituma kwenye banda la kupimia majani chai nikiwa na kazi moja tu: kuweka kikapu. Lori la kiwanda lilifika saa tisa, au saa kumi na moja, au usiku kabisa, kutegemea mvua na barabara. Hakuna aliyesimama muda wote huo. Vikapu ndivyo vilivyosimama. Unaweka chako nyuma ya kile cha mwisho, kisha unakwenda zako kuchota maji au kukamua ng'ombe. Karani akifika na mizani yake, kila mtu anajua yuko nyuma ya kikapu cha nani. Na ole wako usogeze kikapu cha mwenzako! Maneno ya akina mama yangekufuata hadi Krismasi.

Mitungi ya maji nayo hufanya vivyo hivyo, mjini na mashambani. Nadhani hakuna msomaji wa hapa ambaye hajawahi kuona mitungi ya manjano imejipanga bombani huku wenyewe wamekaa kivulini.

Nilipofika chuo kikuu kusoma sayansi ya kompyuta, mhadhiri alitufundisha hesabu za foleni. Zilianzia kwenye simu: mwaka 1909 Mdenishi Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za jinsi simu zinavyoingia kwa bahati nasibu. Mwaka 1961 Mmarekani John Little akathibitisha kanuni fupi sana: idadi ya watu walio kwenye foleni ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kusubiri. Wakifika watu wawili kila dakika, na kila mmoja akisubiri dakika 30, basi wakati wowote utakapochungulia utakuta kama watu 60. Nilipoyasikia hayo nilimkumbuka nyanya. Kikapu chake kilikuwa ni data. Kilibeba habari moja tu, yaani nafasi yake, na mwili wake ukabaki huru.

Tiketi ya E

Sasa twende Marekani. Disneyland ilifunguliwa California tarehe 17 Julai 1955. Ni bustani ya burudani: mabembea, vigari vinavyopanda na kushuka kwa kasi, mashua na mengineyo. Kwa miaka mingi mgeni alinunua kijitabu cha tiketi zenye herufi. Tiketi ya A ilikuwa ya michezo midogo, na kuanzia mwaka 1959 kukawa na tiketi ya E kwa ile michezo mikubwa iliyopendwa zaidi. Kwa hiyo mchezo uliopendwa ulikuwa na bei yake, na bei ile ilipunguza msongamano.

Mwaka 1982 vijitabu viliondolewa. Ukilipa mlangoni, ndani unapanda chochote mara utakazoweza. Wengi walifurahi, lakini tazama kilichotokea kwa macho ya mwandishi wa programu: bei ya kila mchezo ikawa sifuri. Kitu kikiwa na bei sifuri na viti vichache, watu hukilipia kwa njia nyingine. Hapo walikilipia kwa miguu yao, yaani kwa kusimama.

Harambe

Hapa ndipo hadithi inapotuhusu sisi Waswahili moja kwa moja. Aprili 1998 Disney walifungua bustani ya wanyama Florida, Disney's Animal Kingdom. Ndani yake kuna kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki. Wabunifu wake waliiga mji wa Lamu: kuta zilizochubuka, mabango ya Kiswahili. Kijiji wamekiita Harambe, kutokana na neno letu harambee, ila herufi moja ya mwisho iliachwa njiani. Kutoka hapo wageni hupanda lori kwenda kuona twiga na simba katika mchezo uitwao Kilimanjaro Safaris.

Mwaka 1999 Disney walianzisha FastPass, na Kilimanjaro Safaris ilikuwa miongoni mwa michezo ya kwanza kuitumia. Unaingiza tiketi yako ya mlangoni kwenye mashine, inakutolea kikaratasi: rudi kati ya saa fulani na saa fulani. Unakwenda kula au kutazama ndege, na ukirudi unapita mlango wa pembeni. Haikulipiwa hata senti. Kila aliyeingia bustanini alikuwa na haki ileile, na hungeweza kurundika vikaratasi vingi kwa mpigo, ilibidi usubiri muda upite ndipo upewe kingine.

Mnakiona? Ni kikapu cha nyanya, kimegeuzwa karatasi!

Ila kulikuwa na jambo ambalo wageni wengi hawakuliona. Chukulia mchezo wenye uwezo wa kubeba watu 1,000 kwa saa. (Namba hizi ni za mfano wangu.) Ukitenga viti 800 kwa wenye vikaratasi, foleni ya kawaida inabaki na viti 200 kwa saa. Watu 200 tu mbele yako, foleni inayoonekana fupi kabisa, ni saa nzima ya kusimama. Zaidi ya hapo, mwenye kikaratasi hakukaa bure. Alikwenda kupanga foleni kwenye mchezo wa pili. Mtu mmoja akawa kwenye foleni mbili, moja kwa mwili na nyingine kwa karatasi. Lori halikuongezewa kiti hata kimoja.

Kikapu kinapewa bei

Wakati huohuo Mwingereza mmoja, Leonard Sim, alikuwa na wazo linalofanana. Alianzisha kampuni ya Lo-Q, na mwaka 2001 kifaa chao kidogo cha mkononi, Q-bot, kikaanza kazi katika bustani ya Six Flags Over Georgia. Kilikushikia nafasi huku ukizunguka, kisha kikakuita zamu yako ikikaribia. Tofauti na FastPass ni moja: Q-bot ilikodishwa kwa pesa. Asiyekodi alibaki kwenye foleni ya miguu.

Disney nao hawakulala. Kuanzia mwaka 2013 walileta huko Florida mfumo wa FastPass+ pamoja na bangili yenye chipu iitwayo MagicBand, mradi ulioripotiwa kugharimu karibu dola bilioni moja. Sasa uliweza kujiwekea nafasi siku 30 kabla ya safari, au siku 60 ukilala katika hoteli zao. Bado ilikuwa bure, lakini mstari ulikuwa umeshachorwa. Aliyelipia hoteli alianza mapema, na asiyejua mambo ya mtandaoni alikuta nafasi nzuri zimekwisha kabla hajapanda ndege.

Machi 2020 korona ilifunga bustani zao za Florida. Zilipofunguliwa tena, FastPass haikurudi. Tarehe 19 Oktoba 2021 Florida ikaanza Genie+, dola 15 kwa mtu kwa siku, juu ya tiketi ya mlangoni. Mwaka uliofuata bei ikaanza kupanda na kushuka kulingana na siku. Julai 2024 jina likawa Lightning Lane Multi Pass, na Oktoba mwaka huohuo ikaja Premier Pass, ambayo haina hata miadi: unapita mlango wa pembeni saa uitakayo, mara moja kwa kila mchezo. Ilipoanza, kwa bustani ile yenye kijiji cha Harambe bei ilikuwa kati ya dola 129 na 199 kwa mtu, kutegemea siku.

Kwa hiyo miaka 22 ilitosha. Kikaratasi cha bure cha mwaka 1999 kikawa bidhaa mwaka 2021, mlango ni uleule wa pembeni, lori ni lilelile, na kijiji bado kinaitwa kwa neno lililoandikwa kwenye nembo ya taifa la Kenya, neno la kuvuta kwa pamoja.

Huku kwetu

Sisi hatuna bustani za aina hiyo, lakini foleni tunazo tele. Huduma Centre ya kwanza ilifunguliwa Nairobi Novemba 2013 katika jengo la Posta, na baadaye zikafika kaunti nyingine, Kericho ikiwemo. Ukiingia unapewa namba, unakaa kitini, sauti inaita. Namba ile ni kikapu. Mwenye koti na mwenye gambuti wote wanaitwa kwa namba.

Halafu kuna Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi Juni 2017 kwa shilingi 700 daraja la kawaida. Mwanzoni watu walikuwa wakiamkia stesheni kupanga foleni. Baadaye tiketi zikaanza kukatwa kwa simu, *639#. Foleni ya miguu ikapungua, ikahamia vidoleni: karibu na Krismasi anayewahi kukata ndiye anayesafiri. Lakini hapo aliyelipa zaidi anapata behewa lingine lenye viti vingine. Hakai juu ya kiti chako. Tafadhali ishikeni tofauti hiyo, maana ndiyo iliyonikwamisha.

Kitufe cha Haraka

Miezi michache iliyopita nilipewa kazi na mwenye kliniki ya binafsi, katika mji ambao sitautaja. Alitaka mfumo wa foleni kwa meseji: mgonjwa anajisajili, anaambiwa wako wangapi mbele yake, anaweza kungoja nje kwenye jua au hata sokoni. Niliifurahia kazi ile. Nilikuwa namtengenezea nyanya yangu kikapu cha simu.

Mfumo ulipokaribia kuisha, akaniambia, "Kijana, niongezee kitufe cha Haraka. Shilingi 300 kwa M-Pesa, mtu anapanda juu."

Usiku ule niliandika programu fupi ya Python. Daktari mmoja, dakika 10 kwa kila mgonjwa, wagonjwa 30 wamejisajili kufikia saa mbili asubuhi. Jumla ya dakika zote za kusubiri ni 4,350. Kisha nikawafanya sita wa mwisho wabonyeze Haraka. Kila mmoja wao aliokoa dakika 240. Wale 24 wengine, kila mmoja aliongezewa dakika 60. Zidisha: 6 mara 240 ni 1,440, na 24 mara 60 ni 1,440. Jumla ikabaki 4,350 ileile. Yaani saa 24 kamili zilitoka kwa watu zikaenda kwa watu wengine, na zile shilingi 1,800 hazikumfikia hata mmoja wa waliozitoa saa zile. Nikajaribu wote 30 wabonyeze. Mpangilio ukarudi ulivyokuwa mwanzo, kliniki ikapata shilingi 9,000, na hakuna aliyeokoa dakika.

Nilimpelekea daktari hesabu hizo. Hakukasirika. Alinijibu kwa utulivu, na lazima niwe mkweli kwamba jibu lake lilinigusa. "Unafikiri leo hawaruki foleni? Wanamtilia mtu wa mlangoni mia mbili mkononi. Afadhali ipite kwenye M-Pesa niione, ninunulie dawa. Na mtu wa bodaboda akikaa hapa asubuhi nzima, watoto wake watakula nini?"

Nilikosa la kusema. Ni kweli kwamba rushwa ya mlangoni haina hata risiti. Lakini nilimwaza mama aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri akiwa na mtoto mgongoni, akawa wa kwanza, na simu yake ikimwambia kuna watu sita mbele yake ambao hawajaamka. Mgonjwa mahututi ni jambo lingine: muuguzi humpitisha mbele bila malipo, na hilo nililiweka kwenye mfumo tangu siku ya kwanza.

Nikampa pendekezo la Madaraka Express: ongeza behewa. Fungua saa moja ya ziada jioni, kuanzia saa kumi na moja, yenye nafasi sita za miadi kwa hiyo shilingi 300. Mwenye haraka atalipia muda mpya wa daktari, hatalipia muda wa mama yule. Na foleni ya asubuhi iwe kwenye skrini ukutani, kila mtu aione, ili mtu wa mlangoni akose cha kuuza. Nikamwambia pia kwamba kitufe cha Haraka sitakiandika.

Alisema atafikiria. Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Nusu ya malipo yangu bado iko kwake, na najua kuna vijana wengi wa programu wanaoweza kuandika kitufe kile kwa jioni moja. Ni mistari isiyofika 20, niliihesabu.

Kwa hiyo wadau, hilo ndilo lililoninyamazisha. Nyanya nilimsimulia yote, Disney na daktari. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: hao wa Amerika, wanaosogezewa vikapu vyao, wanajua? Nami nawauliza ninyi mnaoandika programu: mngekiandika? Tupo pamoja.