Sauti ya Keya: Masimulizi ya Askari wa Vita vya Pili vya Dunia na Suala la Lugha

Katika Vita vya Pili vya Dunia (1939-1945), zaidi ya Waafrika 300,000 wa Afrika Mashariki waliandikishwa katika jeshi la Waingereza. Baadhi yao walipambana na Waitaliano nchini Ethiopia mwaka 1941. Wengine walipelekwa Madagaska mwaka 1942 na hatimaye Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua kubwa za mwaka 1944. Lugha iliyowaunganisha askari hawa wa makabila mengi ilikuwa Kiswahili, hasa kile cha kambini kilichojulikana kama Kikeya. Hata hivyo, tawasifu mbili za Wakenya walioshiriki vita hivyo zinazorejelewa sana, yaani Mau Mau General (1967) ya Waruhiu Itote na Roots of Freedom (1975) ya Bildad Kaggia, ziliandikwa kwa Kiingereza. Makala hii inadai kwamba mwachano huu baina ya lugha ya tajriba na lugha ya maandishi umechangia kuamua ni askari yupi anayesikika katika historia yetu.

Tuanze na Itote. Sehemu ya kazi yake inayojulikana sana ni ile anayozungumza na wageni: askari Mwingereza anayeshangaa kwa nini Mwafrika aitetee himaya badala ya kujikomboa, na askari Mmarekani mweusi anayemfungulia macho kuhusu historia ya watu weusi. Muundo wake ni wa safari ya mwanafunzi: mhusika anatoka kwao hajui, anaulizwa, anazinduka, anarudi kutenda. Hatudai kwamba mazungumzo hayo hayakuwapo. Tunachosema ni kwamba yamepangwa na mwandishi wa mwaka 1967, ambaye ameshapita msitu wa Mlima Kenya, hukumu ya kifo iliyobatilishwa, na kifungo. Burma inasimuliwa ili msitu ueleweke.

Kaggia naye anafuata mkondo uo huo, ingawa kiini chake ni tofauti. Kwake yeye, utumishi katika Mashariki ya Kati, pamoja na kufika Palestina na Uingereza, unazaa mashaka juu ya dini ya wamisheni na madai ya ubora wa Mzungu. Aliporudi alianzisha kanisa lisilofungamana na wamisheni, kisha akaingia katika siasa za wafanyakazi. Hapa pia vita ni dibaji. Kitabu chenyewe kinaanza baadaye.

Je, Kiswahili kilinyamaza? La hasha. Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Utenzi huo unaendeleza jadi kongwe ya kuhifadhi vita katika mizani, jadi iliyompa Hemedi Abdallah el Buhriy nafasi ya kusimulia uvamizi wa Wajerumani huko Mrima. Lakini Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya Tanganyika, si askari. Basi tunakabiliwa na kinaya: aliyeviandika vita kwa Kiswahili hakwenda vitani, waliokwenda na kuandika walichagua Kiingereza.

Anayepotea kati ya pande hizo mbili ni keya wa kawaida. Timothy Parsons, katika The African Rank-and-File (1999), aliwahoji askari wa zamani na kuonyesha kwamba wengi waliingia jeshini kutafuta mshahara na hadhi, na kwamba hawakurudi wakiwa wanaharakati. Kwa mwanahistoria, hilo ni jibu katika mjadala kuhusu chimbuko la uzalendo. Kwa mhakiki, ni swali la utanzu. Hadithi ya keya huyu haina sura ya pili ya kuihalalisha sura ya kwanza. Hakuna msitu wala bunge linalomsubiri. Alilipwa chini ya Mzungu aliyepigana naye. Vita vilipokwisha, askari wazungu walipimiwa mashamba katika nyanda za juu, naye akaachwa nje ya mpango huo. Tukimsoma kwa kipimo cha Itote, tutasema hakuzinduka. Yamkini kosa ni la kipimo.

Wengi wa askari hao wamekwisha kufariki. Zilizobaki ni kanda na nakala za mahojiano, ambazo aghalabu hunukuliwa kwa tafsiri ya Kiingereza sanifu. Tafsiri hiyo hufuta Kikeya pamoja na upatanisho wake wa ngeli uliolegezwa, amri zake fupi na msamiati wake wa gwaride, yaani alama zile zile zinazoonyesha mtu aliyefunzwa kusema ndani ya utii. Idara zetu hazina budi kuzinakili kanda hizo katika lugha iliyosemwa, bila kusahihisha sarufi, na kuzisoma kama fasihi simulizi na si kama ushahidi tu. Mtu aliyepigana kwa Kiswahili anastahili angalau kunukuliwa kwa Kiswahili.