Walikwenda Nyuma ya Nyumba

Wiki iliyopita nilialikwa kwenye hafla ya kukabidhi vishikwambi katika shule moja ya hapa mjini. Hotuba zilikuwa tatu, na zote zilitaja idadi: vishikwambi vingapi, madarasa mangapi. Nilipomuuliza mgeni rasmi tutajuaje kama watoto wamejifunza, alitabasamu: "Si unaviona hivyo hapo?"

Njiani nikamkumbuka marehemu baba. Mwaka 1973 alikuwa kiongozi wa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 wanakijiji walikutana kusikiliza Radio Tanzania, wakasoma kitabu, wakajadili, kisha wakakubaliana la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Nchi nzima walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2.

Wapimaji walipokuja, walikuwa tayari wana hesabu ya kabla ya kampeni. Walitoa maswali kuona nani ameelewa nini, kisha katika vijiji walivyovichagua wakapita nyumba kwa nyumba. Baba alikuwa akisema, "Hawakuuliza tuna redio ngapi. Walikwenda nyuma ya nyumba kutazama choo."

Kipimo cha namna hiyo kinaweza kuuma. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wa shule za vijijini. Watafiti wakalinganisha shule 319, zilizopata na zisizopata. Taarifa yao ya mwaka 2012 ilisema kwamba baada ya miezi kama 15 hapakuonekana tofauti katika hisabati wala lugha, ingawa kulikuwa na dalili za watoto kuwa wepesi zaidi wa kufikiri. Bila kulinganisha, wangebaki kupiga makofi tu.

Sisemi vishikwambi ni vibaya. Redio ya baba nayo ilikuwa mashine. Ilifaa kwa sababu palikuwa na kitabu, kikundi na kiongozi aliyefundishwa. Ninachosema ni kwamba mtoto apimwe kabla boksi halijafunguliwa, alinganishwe na mwenzake asiyepata, na mwaka ukipita mpimaji arudi. Fedha hizi ni za wazazi, na miaka ya mtoto shuleni hairudi.

Mwakani nitarudi pale shuleni. Vishikwambi sitavihesabu. Nitamwomba mtoto mmoja anisomee ukurasa mmoja.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.